Samweli akarudi Rama

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nilipanga wiki hii tuendelee na Zaburi ya 121 pale tulipoishia. Imenishinda. Kila nikiyainua macho yangu niitazame milima, nayaona macho ya binti yangu. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, tulikuwa nje kwenye mnada wa mavuno. Mnaujua mnada wetu: mikungu ya ndizi, maharage kwenye ndoo, na yule jogoo aliyefungwa miguu ambaye hununuliwa akatolewa tena, akanunuliwa akatolewa tena, mpaka mwenyewe anachoka kupiga kelele. Kipaza sauti nilikuwa nacho mimi, kwa sababu paa la kanisa la mtaa wa juu linavuja na wazee wa kanisa wanaamini mchungaji akinadi mwenyewe bei hupanda. Jogoo alikuwa amefika elfu arobaini, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, msharika mwenzetu, akanisogelea akaninong'oneza: "Samahani, Mchungaji, mlishampeleka mtoto kupimwa macho?"

Nikamuuliza mtoto yupi. Nilidhani ni wa msharika fulani anayehitaji msaada.

"Wako, Mchungaji. Tangu mwezi wa pili namkalisha dawati la mbele, na bado ananakili kwa mwenzake."

Nikaendelea kunadi. Hilo nalo sitaki kulificha. Jogoo alikwenda kwa elfu sitini, watu wakapiga makofi.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimekodi gari kumpeleka mjini bibi mmoja wa mtaa wa chini, akatolewe mtoto wa jicho. Nilikaa naye hospitali kutwa nzima, nikamrudisha mpaka mlangoni kwake, na Jumapili nikalisimulia madhabahuni. Bibi sasa anaona, Mungu ashukuriwe, wala sijutii hata senti ya mafuta. Ila jioni ile ile nilikula meza moja na mtoto wa darasa la tano anayeshika kitabu karibu kukigusa na pua, nami nikamwambia tu akae vizuri.

Nyumbani nikamuuliza mke wangu kama alikuwa anajua. Hakupandisha sauti. Akasema, "Nilikwambia mara mbili, Baba. Mara ya kwanza ukasema tutaongea ukirudi msibani." Nikamuuliza na ya pili? "Ya pili ulikuwa unaongea na simu, ukaniinulia kidole nisubiri. Nasubiri."

Usiku ule sikulala. Nikafungua Samweli wa Kwanza, sijui kwa nini huko. Mwisho wa sura ya 7 tunaambiwa kwamba Samweli alizunguka mwaka kwa mwaka, Betheli, Gilgali na Mispa, akiwaamua Israeli. Nimehubiri aya hiyo mara nyingi, hasa tukiwa na semina za wainjilisti, maana sisi wenye mitaa minne tunaielewa: Jumapili hii huku, Jumapili ijayo kule, katikati misiba, ndoa na vikao vya jimbo. Lakini nilikuwa nahubiri Betheli, Gilgali na Mispa, halafu nafunga Biblia. Aya inayofuata inasema alikuwa akirudi Rama, kwa kuwa huko ndiko ilikokuwa nyumba yake, na huko nako akamjengea Bwana madhabahu. Ukifungua tu sura ya 8 unakutana na Yoeli na Abiya, wanawe, wakipokea rushwa kule Beer-sheba, na wazee wa Israeli wakimwambia mzee wa watu usoni: wanao hawaendi katika njia zako.

Biblia haisemi kosa lilikuwa la Samweli. Nami sitamhukumu mtumishi wa Mungu. Kuna wazazi walio waaminifu kabisa na watoto wakapotea, na wengine mnasoma hapa mkilia. Haya siyasemi juu yenu. Nasema juu yangu mimi. Siku nilipobarikiwa kuwa mchungaji nilisomewa maneno ya Paulo kwa Timotheo, kwamba "mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake mwenyewe, atalitunzaje Kanisa la Mungu?" Nikaitikia kwa sauti, nikidhani maana yake ni watoto wasinywe pombe na mke asigombane na watu.

Sasa niseme lililonichoma zaidi. Nimekuwa nikisema nina shughuli nyingi. Ni kweli ninazo. Ila si hizo zilizoniweka mbali na nyumba. Ukweli ni kwamba kanisani nikisema neno, watu mia tatu wanaitikia Amina. Nikiingia kwa mgonjwa, nyumba nzima inasimama. Nyumbani kuna bomba linalovuja, ada, na mtoto anayeuliza hesabu za sehemu ambazo mimi mwenyewe nimesahau, wala hakuna anayeitikia Amina. Kwa hiyo nikawa nakimbilia huduma kama wengine wanavyokimbilia kijiweni. Kijiwe changu kina msalaba juu ya paa, basi.

Na hapa naomba niwageukie ninyi, wapendwa, kwa upendo wa Kristo. Si wachungaji peke yetu. Mwanakwaya uliye mazoezini siku nne kwa wiki, na ya tano uko safari ya kwaya: mumeo amekula nini? Mzee wa kanisa unayepatanisha ndoa za watu mpaka saa nne usiku, yako nani anaipatanisha? Mama unayeongoza maombi ya mkesha, binti yako wa miaka 15 anakesha na nani kwenye simu yake? Tukiulizwa tunajibu upesi: Mungu kwanza! Ndiyo, Mungu kwanza. Ila Mungu na ratiba ya usharika si kitu kimoja. Wapo wanaomtumikia Mungu jikoni kuliko ninavyomtumikia mimi mimbarini.

Sisi Walutheri hatuna hata pa kujificha katika jambo hili. Mwaka 1522, kabla hata hajaoa, Luther aliandika kwamba baba akifua nepi za mtoto kwa imani, watu wakamcheka, Mungu na malaika zake wanamfurahia. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hii tunayowakaririsha watoto wa kipaimara kila Jumamosi, aliiweka kwanza mikononi mwa baba wa nyumba, awafundishe watu wa nyumbani mwake. Sisi tumeihamishia darasani, tukanunua na chaki.

Lakini kinachonikalia moyoni ni barua moja. Mwaka 1530 Luther alikaa karibu nusu mwaka katika ngome ya Coburg, mbali na mkewe Katharina na watoto. Alikuwa ametoka kupata habari za kifo cha baba yake. Kule Augsburg wenzake wanaandaa ungamo la imani la kusomwa mbele ya mfalme mkuu. Likasomwa tarehe 25 Juni, nasi tunalishika mpaka leo. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "niko kwenye huduma, nisubirini", ni huyo. Tarehe 19 Juni, siku sita kabla, aliketi akamwandikia Hans, mwanawe wa miaka minne. Hakumwandikia mafundisho ya kuhesabiwa haki. Alimwandikia habari za bustani nzuri yenye watoto wanaookota matufaha chini ya miti, na farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu na matandiko ya fedha, na kwamba akisali na kusoma vizuri naye atakwenda huko pamoja na rafiki zake. Farasi wadogo! Siku zile! Na ukutani kwake alikuwa amebandika picha ya binti yake mdogo, Magdalena, ambayo Katharina alimtumia.

Jumatano nilimpeleka binti yangu mjini. Tulipanda daladala, maana gari la usharika ni la usharika. Daktari akamwambia asome herufi za ukutani. Mstari wa juu kabisa akausoma, wa pili akabahatisha. Nikamuuliza nje, kwa nini hukuniambia? Akasema, "Nilijua una watu."

Sikuwa na jibu, na sasa pia sina. Nilimnunulia muhindi wa kuchoma tukala tumesimama stendi.

Basi, matangazo mawili. Wale mnaonipigia saa tano usiku kuuliza kesho ibada ni saa ngapi: ni saa moja na saa nne, kama miaka yote. Na Jumatatu sitakuwa ofisini. Mwenye msiba au mgonjwa ampigie mwinjilisti, namba yake nimeibandika mlangoni. Miwani itakuwa tayari saa nne, nami nimeahidi kuwapo atakapoivaa.