Jinsi Nilivyojifunza Kupima Mlo wa Chatu Wangu

Chatu ninayemfuga hapa Leeds ni jike wa aina ambayo Waingereza huiita chatu wa kifalme, Python regius kwa jina la kisayansi, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegali hadi Uganda. Nilimpokea kutoka kwa mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa akihama nchi, pamoja na sanduku lake la kioo na mfuko wa panya waliogandishwa. Mama yangu, ambaye yuko Tanga, alipopata habari hizo kwa simu aliuliza tu, "Mwanangu, huko paka wamekwisha?"

Tuliolelewa pwani tunajua kwamba mgeni siku ya kwanza hupewa mchele na panza, nami mgeni wangu nikampa panya, tena mkubwa kuliko wote waliokuwa katika mfuko ule. Nilikuwa nimesoma kwamba taya la chini la nyoka lina pande mbili ambazo hazikuungana kwa mfupa, bali zimeshikwa na kano inayonyumbuka, hivyo kinywa huweza kupitisha kitu kinene kuliko kichwa chenyewe. Hayo ni kweli, na chatu alimmeza panya yule bila taabu. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta panya yuleyule juu ya matandazo, amelowa, manyoya yamenyonyoka, na harufu yake nisiielezee hapa.

Daktari wa wanyama niliyemwendea hakuanza kwa kumtazama nyoka, bali aliniuliza maswali mawili ambayo sikuwa na jibu la hata moja: nyoka ana gramu ngapi, na panya alikuwa na gramu ngapi. Tulipompima, chatu alikuwa na gramu 430, na panya wa ukubwa ule, kwa mujibu wa lebo ya mfuko, alikuwa na gramu 120 hivi, yaani zaidi ya robo ya uzito wa mlaji. Alinieleza kwamba kinywa si kipimo, kwa sababu kazi ngumu iko tumboni: windo likizidi mno, huweza kuanza kuoza ndani kabla utumbo haujalimaliza, na nyoka hujiokoa kwa kulitapika. Upande wa joto wa sanduku nao ulikuwa na nyuzi 28 tu, ilhali ulitakiwa kufika 31 au 32, na nyoka, kwa kuwa hana joto lake mwenyewe, hawezi kusaga chakula vizuri akiwa na baridi.

Niliagizwa nisimpe chochote kwa wiki mbili, kisha nianze na panya wa gramu 20, na nisiongeze mpaka milo miwili ikae. Wiki zile mbili zilikuwa ndefu kwangu kuliko kwake, kwani yeye alijikunja katika maficho yake na kulala, nami nilizitumia kujifunza kupima. Mizani ya jikoni yenye kuonyesha gramu mojamoja inatosha, ingawa mke wangu alipoona panya juu ya mizani yake ya unga ilinilazimu kununua nyingine siku hiyohiyo. Kwa chatu mchanga nililenga asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kila baada ya siku saba hadi kumi, maana yake kwa gramu 430 panya wa gramu 43 hadi 65, nami nikachagua kubaki upande wa chini. Upana niliuhakiki kwa uzi: niliuzungusha mahali mwili ulipo mnene zaidi, nikapata sentimita 11, nikagawanya kwa 3.14, na hapo nikajua kwamba windo lisizidi sana sentimita 3.5 kwa unene.

Lebo za maduka niliacha kuzitegemea. Panya anayeitwa "mdogo" katika duka moja huwa karibu mara mbili ya "mdogo" wa duka jingine, kwa hiyo kila mmoja humpima angali mgumu kwa barafu, nikaandika gramu juu ya kifuko chake kabla ya kumrudisha kwenye friza. Siku ya mlo humyeyusha ndani ya friji usiku kucha, kisha humpasha ndani ya maji ya moto akiwa katika mfuko wa plastiki, kwa kuwa chatu huyu hutambua windo kwa joto kupitia vishimo vilivyo mdomoni mwake. Baada ya kumeza nautazama mwili: uvimbe mdogo unaotoweka ndani ya siku moja au mbili ndio ninaoutaka, lakini magamba yakiachana hata ngozi ikaonekana katikati yake, najua nimezidisha.

Kosa la pili lilikuja polepole zaidi, maana nilimlisha mtu mzima kwa hesabu ya mtoto. Alipovuka gramu 1,500 niliendelea na asilimia 10 kila wiki, naye alikula kila nilichompa, mpaka nikaona mikunjo ya mafuta karibu na mkia na mgongo uliobonyea katikati badala ya kuinuka kidogo. Hamu yake ya kula haikunionya lolote, kwani chatu aliyeshiba jana hurukia panya leo. Nilipunguza hadi asilimia 5 au 6 kila baada ya wiki tatu, na alipogoma kula kuanzia Novemba hadi Januari, kama aina yake ifanyavyo mara nyingi, sikumbembeleza kwa windo kubwa zaidi, bali nilimpima kila wiki nikaona amepoteza gramu chache tu.

Jumapili iliyopita alikuwa na gramu 1,480. Panya anayeyeyuka katika friji jioni hii ana gramu 82.