Nani amelipia hilo gari? Kutoka Mtumba hadi Stuttgart

Nikipiga simu nyumbani Dodoma, swali la kwanza huwa la Benz. Baridi na mshahara vinafuata baadaye. Ninaishi Stuttgart, mji wenye Mercedes-Benz pale Untertürkheim na Porsche pale Zuffenhausen, na kwa ndugu zangu wa Chang'ombe na Kikuyu hesabu ni nyepesi: ukikaa mtoni utakosaje maji? Ninaendesha Opel Corsa nyeupe yenye stika ubavuni. Ni ya kampuni ya uuguzi wa majumbani iliyoniajiri, nazunguka nayo kuwaosha wazee, kuwapa dawa na kuwafunga vidonda. Jioni naiegesha, narudisha funguo, napanda treni.

Kazi hii inanipitisha kwenye nyumba nyingi, baadhi zina gereji kubwa kuliko sebule yetu ya nyumbani. Kadiri ninavyoingia na kutoka humo, ndivyo ninavyozidi kutilia shaka picha tuliyo nayo ya "mtu wa Benz", "mtu wa BMW" au "mtu wa V8", ile Land Cruiser ya wakubwa. Tunamtazama aliyekaa kwenye kiti tunasema huyu ana hela. Mara nyingi aliyekaa pale hajatoa hata senti.

Dodoma inalijua hilo kuliko mji wowote ule, ila hatulisemi. Kwetu sura ya gari la kifahari ilichorwa na serikali; wafanyabiashara walikuja nyuma sana. Nilipokuwa sekondari, Bunge la bajeti likianza Aprili hatukuhitaji kusikiliza redio. Vyumba vya kulala wageni vimepanda bei, kuku wa pale mgahawa wa Chako ni Chako wanasubiriwa kwa foleni, na mashangingi yamejipanga barabarani na namba zao za serikali, STL na STK. Wakati huo yalikuwa yanakuja na kuondoka na vikao. Baada ya serikali kuanza kuhamia rasmi mwaka 2016 yakabaki, na leo ukienda Mji wa Serikali kule Mtumba saa nne asubuhi utadhani umeingia yadi ya Toyota.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa wizara mpaka alipostaafu. Alianza na Land Cruiser ya VX, ile ya miaka ya 90, akamalizia na ile ya 200 iliyotoka mwaka 2007, yenye injini ya V8. Ukitaka kumjua mtu anayelijua gari, muulize habari za matangi. Mjomba atakwambia la dizeli lina mawili, jumla lita 138, na atakwambia kwa sauti ya mtu anayetaja umri wa mtoto wake. Aliyajua matairi, aliijua sauti ya injini ikiwa imechoka, aliujua mteremko wa kila kona kati ya Morogoro na Gairo. Nje ya ukumbi wa Bunge alikuwa anafuta vumbi kwenye boneti kwa kitambaa cha manjano, anakunja kitambaa mara nne, anakiweka chini ya kiti, na baada ya nusu saa anaanza upya, maana vumbi la Dodoma halina adabu. Akitoka kazini alikuwa anarudi nyumbani kwa daladala.

Bosi wake naye, siku uteuzi wake ulipotenguliwa, aliondoka na begi lake. Gari lilibaki, akaja mwingine akakaa kiti kilekile cha nyuma kushoto. Mtaani tulisema "yule wa V8" kwa wote wawili, kana kwamba ni mtu mmoja.

Wazee wetu walikuwa na Wabenzi wao, wakubwa waliopanda Mercedes baada ya uhuru. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili, hisa kwenye kampuni na nyumba za kupangisha. Gari la ofisi halikuguswa, na sioni lingeguswaje, kiongozi lazima afike kazini. Lakini kuanzia hapo ukubwa ukawa na umbo la gari, na gari likawa kitu unachopewa. Mpaka leo kijana wa kwetu akiota V8 hawazi bei yake, anawaza uteuzi.

Sasa njoo Ujerumani, kwa wenye magari yao. Nilipotua uwanja wa ndege wa Stuttgart mara ya kwanza niliingia teksi, Benz ya rangi ya krimu. Nikapiga picha, nikaituma kwenye grupu la familia. Shangwe! Shangazi akaandika "Mungu mkubwa". Sikupata moyo wa kumwambia kwamba teksi nyingi za Ujerumani zimepakwa krimu hiyo tangu 1971 na kwamba nyingi kwa miaka mingi zimekuwa Benz, za dizeli, zinazobeba walevi usiku na wagonjwa wa figo asubuhi. Hapa Benz ni gari la kazi kabla ya kuwa gari la sifa, na moja halimzuii mwenzake.

Mzee mmoja ninayemhudumia alikuwa fundi wa kufungia magari mapya milango kwenye kiwanda cha Mercedes cha Sindelfingen mpaka alipostaafu. Sindelfingen ndiko zinakotoka S-Class, zile Benz za wakubwa. Wafanyakazi wa pale wana utaratibu wao: unachukua gari jipya kwa punguzo la mfanyakazi, unaliendesha mwaka hivi, unaliuza, unachukua jingine. Kwa hiyo katika vitongoji vya huku utakuta baba wa Kituruki, familia yake ilikuja baada ya mkataba wa wafanyakazi wa mwaka 1961, anaishi ghorofa ya nne bila lifti na chini ameegesha Benz mpya inayonukia kiwanda. Mzee wangu anasimulia kwamba mkewe alipigwa marufuku kula chochote ndani ya gari, hata pipi. Mkeka wa plastiki haukutolewa. Gari lilikuwa la mteja atakayekuja mwakani, wao walikuwa wanalitunza tu. Mama wa watu hadi leo akilikumbuka anakasirika.

Halafu kuna magari ya kampuni, na hapa ndipo Stuttgart na Mtumba zinaposhikana mikono. Takriban theluthi mbili ya magari mapya yanayosajiliwa Ujerumani huandikishwa kwa jina la kampuni au biashara. Meneja, mwuza mitambo, mshauri, kila mmoja anapewa gari kama sehemu ya ujira, na akilitumia pia kwa mambo yake binafsi kodi inahesabu asilimia 1 ya bei ya orodha kila mwezi kama nyongeza ya kipato chake. Ndiyo maana barabara kuu zimejaa Audi A6 na BMW za buti ndefu. Wajerumani wana vichekesho vyao kuhusu hizi chapa. Mwenye Mercedes ni mzee aliyevaa kofia ndani ya gari. Mwenye BMW anakuganda nyuma na hajui indiketa iko wapi. Mwenye Audi ni mwuza bidhaa aliyechelewa mkutano. Porsche 911 ni ya daktari wa meno. Cayenne ni ya mama anayemshusha mtoto mmoja mdogo getini kwa shule. Mashabiki wa Porsche walinuna gari hilo lilipotoka mwaka 2002, wakasahau kwamba kampuni yao ilikaribia kufilisika miaka kumi nyuma na kwamba gari hilohilo ndilo lililokuja kujaza mfuko.

Nikiwa kwenye Corsa yangu njia ya kushoto, kilometa 120 kwa saa na roho mkononi, ikitokea Audi nyuma inaniwashia taa, huwa nacheka peke yangu. Naona V8 pale Kibaigwa, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Taa zile, hazadi zile, basi la abiria linasogea pembeni, mwenye bodaboda na gunia la mahindi anaingia kwenye nyasi. Mafuta si yake, matairi si yake, na pengine hata haraka si yake, ni ya bosi.

Wapo waliojaribu kupima kama vichekesho hivyo vina ukweli. Mwaka 2020 Jan-Erik Lönnqvist na wenzake wa Chuo Kikuu cha Helsinki walitoa utafiti uliowahoji wenye magari 1,892 wa Finland. Waliona kwamba wanaume wabishi, wakaidi, wasiojali sana hisia za wenzao wana uwezekano mkubwa zaidi wa kumiliki Audi, BMW au Mercedes. Hiyo ndiyo sehemu iliyosambaa, kila mtu akamtumia shemeji yake mwenye BMW. Sehemu ya pili haikusambaa: watu makini, wenye mpangilio na wachapakazi, wanaume kwa wanawake, nao huyapenda magari hayohayo. Mimi ninayewaona wakiwa na nguo za kulalia, sukari imepanda na wanahitaji kushikwa mkono kwenda msalani, naiamini ile ya pili zaidi. Ile ya kwanza ninaiamini saa za barabarani.

Kitu kimoja kilinishangaza huku. Mnunuzi anaweza kuagiza gari kiwandani bila yale maandishi ya nyuma yanayotaja nguvu ya injini. Wengine wanaficha kwamba wamechukua injini ndogo, wengine wanaficha kwamba wamechukua kubwa, na jirani anabaki kukisia. Mtu wa Dodoma hawezi kuelewa ulipie gari halafu uondoe maandishi! Sisi tunaongeza. Nimeiona Harrier pale Area D imebandikwa nembo ya Lexus mbele na nyuma. Tena hakudanganya sana: Harrier ile ya zamani, tunayoiita tako la nyani, ndiyo iliyouzwa Marekani kama Lexus RX. Gari lilelile, huko ni la mama wa kitongojini anayetoka kununua mboga kwenye duka kubwa, kwetu ni la kijana aliyepata tenda yake ya kwanza.

Na hao wa Harrier, Crown na IST ndio wanunuzi hasa wa Dodoma. Wamelipa wenyewe, wengine kwa mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara wa ualimu au uhasibu mpaka mtoto amalize darasa la saba. Wameagiza Japani, wamesubiri meli, wamelipa ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18 juu yake, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, na kama gari limezeeka kuna nyongeza ya uchakavu. Halafu wanaambiwa IST ni gari la wadada, na wanaulizwa ni namba D au E, yaani usajili wa zamani au wa karibuni. Heshima yote inakwenda kwa STL inayopita. Hili linaniudhi, nakiri, kwa sababu dada yangu mwenye IST anajua bei ya kila pedi ya breki iliyowahi kufungwa kwenye gari lake.

Benz na BMW zinaonekana Dodoma, kidogo kidogo, na wanaozinunua ni watu wa subira. Jirani yetu wa Kisasa alivuta E-Class ya mtumba, ndinga safi, nyeusi, viti vya ngozi. Ilitembea vizuri mpaka matuta na vumbi vilipoimaliza ile mifuko ya hewa inayoinyanyua. Asubuhi moja ikakutwa imelala, boneti imeinama, tairi zimezama ndani ya madagadi kama ng'ombe aliyepiga magoti. Mafundi wa pale karibu wakaizunguka, mmoja akasema inahitaji mashine ya kupimia, mwingine akasema mashine iko Dar. Spea ikatafutwa Kariakoo, ikaja kwa basi, ikawa siyo. Majirani waliokuwa wanamwita bosi wakaanza kumwuliza kama analiuza. Hakuna anayeihesabia Benz gharama hiyo anapoiona kwenye picha, maana kwenye picha huwa imesimama.

Mwaka jana mjomba aliniomba nimsaidie gari. Nilimpa nafasi ya kuchagua na nikawa najiandaa kumweleza kwa nini Benz ya huku haifai: usukani uko kushoto, na kulipita lori la Kongwa kwa usukani wa kushoto unahitaji abiria wa kukuchungulilia. Hakunipa nafasi. "Mpwa wangu," akasema, "mimi nimeendesha V8 za watu miaka yote hiyo. Nataka gari ambalo fundi wa Majengo akiamka ana spea yake mfukoni." Alikuwa ameshapiga hesabu ya mafuta kwa safari ya Bahi kwenda na kurudi, na ya magunia mangapi ya mpunga yataingia nyuma viti vikilazwa. Tukakubaliana Toyota Succeed, nyeupe, kwa kuwa kwenye nyeupe vumbi halionekani haraka.

Amenitumia picha akiwa ameegesha nje ya nyumba, kitambaa cha manjano kiko juu ya dashibodi. Shangazi akaiona kwenye grupu, akaniandikia pembeni kuuliza na mimi yangu nitanunua lini, na kama itakuwa Benz.