Mwalimu, "hapa" ni wapi?

Nafundisha uchumi kwenye chuo kimoja hapa Tanzania, chuo sikitaji. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa najiona bonge la mwalimu, nachora, natembea tembea mbele kama niko jukwaani. Siku hiyo tuko kwenye dimandi na saplai (wanunuzi wanataka kiasi gani, wauzaji wanaleta kiasi gani), naonyesha grafu ubaoni nasema "bei ikipanda tunatoka hapa tunakuja hapa", kijana mmoja wa katikati akanyoosha mkono akauliza kwa upole kabisa, "samahani mwalimu, hapa ni wapi?" Darasa likacheka na mimi nikacheka, nikajua ananitania. Kumbe haoni. Na hiyo ilikuwa wiki ya nne jamani! Alishajaza fomu ya ulemavu siku anaripoti chuo, fomu ikalala kwenye faili huko ofisini, mimi niliyekuwa naye darasani kila Jumanne sikuambiwa na wala sikuuliza.

Baada ya kipindi nikamwomba radhi nikamwambia nitakutumia noti zote, nikajiona nimemaliza. Jioni akanipigia, mwalimu hizi pidiefu kompyuta yangu inasema hazina kitu. Anatumia NVDA, ile programu ya bure inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini, sasa zile noti zangu zilikuwa kurasa za kitabu nilizoskani, na ukurasa uliyoskaniwa hivi hivi ni picha tu kama picha ya harusi, programu haina herufi ya kushika. Nikachapa upya sura mbili kwenye Word, nyingine tukazipitisha kwenye programu ya kugeuza picha kuwa maandishi halafu nikasahihisha makosa. Usiku nilitukana sana. Ila mhula uliofuata wanafunzi wote wakazipenda, maana unaweza kutafuta neno kwenye simu badala ya kuvuta picha na kidole.

Grafu ndo ilinitesa. Maneno pekee hayatoshi, mtu anataka kujua mstari umelala vipi. Yeye mwenyewe ndo akaniambia shuleni kwao walikuwa wanabandika uzi kwa gundi kwenye manila. Basi nikanunua manila na uzi wa katani, mstari wa dimandi uzi mnene, saplai uzi mwembamba, pale inapokutana nikaweka punje ya maharage. Akapapasa kama dakika mbili hivi, akasema "aaah, kumbe ni mkasi."

Mtihani wa kwanza nao niliharibu. Nikamweka kwenye korido na mtu wa kumsomea maswali, watu wanapita, wanasalimiana, simu zinaita. Muda wa ziada nilimpa lakini una faida gani kwenye kelele zile? Siku hizi natafuta chumba mapema, na ninayemchagua kusoma nahakikisha anaweza kusoma hesabu, siyo mtu anafika kwenye alama ya sigma anakaa kimya.

Wengine nimejifunza kwao kidogo kidogo. Kuna binti mwenye ualbino nilikuwa namlazimisha akae mbele, kumbe mbele ndo kwenye dirisha na mwanga unamuumiza macho, na kofia pia nilikuwa namvulisha kwa sababu ya "nidhamu" (hapo najichukia). Mtihani wake natoa kopi kutoka A4 kwenda A3, herufi ya 12 inakuwa kama 17 hivi, kazi ya kubonyeza kitufe kimoja tu. Na kwa mwanafunzi kiziwi mwenye mkalimani, ukionyesha slaidi nyamaza kwanza. Hawezi kusoma slaidi na kuangalia mikono ya mkalimani kwa wakati mmoja, ana macho mawili tu kama wewe. Halafu ongea na yeye, usimwambie mkalimani "muulize ameelewa".

Wenzangu ofisini wananiambia hiyo kazi ya kitengo maalumu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010 na kitengo kweli kipo, ila kitengo hakiingii darasani kwangu saa mbili asubuhi kusema "hapa".

Yule kijana alishamaliza. Mwezi uliopita nilimtumia noti mpya azijaribu, akanijibu kwa voisi: "Mwalimu ziko poa, ila jedwali la tatu hujaandika ni shilingi au ni kilo."