Dizeli iliyokataa kuwaka asubuhi: kumbe ni washa, kipete cha shaba

Jana nimekwenda Pangani na kurudi Tanga bila wasiwasi, ndiyo maana naandika.

Gari ni fobaifo kuukuu ya dizeli, najifunza kulitengeneza mwenyewe uani hapa Chumbageni. Kila asubuhi nilipiga stata mpaka betri inachoka. Nikipampu dizeli kwa mkono kwanza, linawaka papo hapo. Dalili ilikuwa wazi kwamba dizeli inarudi tankini usiku, ila mimi nikabadilisha betri, nikabadilisha filta, nikakaza klipu zote. Wapi!

Kilichonifumbua macho ni kipande cha mpira unaoonyesha ndani. Nilikiunga kati ya filta na pampu ya nozeli, ile inayovuta dizeli na kuisukuma kwenye injini, nikawasha: mapovu. Nikakihamishia kabla ya filta: dizeli safi. Basi hewa inaingia kwenye filta yenyewe, ingawa nje hapakuwa na tone, maana upande huo dizeli inavutwa, haisukumwi, kwa hiyo hewa inaingia badala ya dizeli kutoka.

Nikafungua boliti ya bomba la filta. Washa zake za shaba, ambazo nilikuwa nazirudishia zilezile, zimekuwa ngumu na zina mikwaruzo, hivyo hazizibi vizuri. Ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa. Nikazichoma kwenye jiko mpaka zikawa nyekundu, nikazitumbukiza majini ili zilainike, nikazisugua kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo. Nikafunga, nikatoa hewa, nikauondoa ule mpira.

Asubuhi likawaka kwa mguso mmoja. Jirani aliyezoea kuamshwa na stata yangu alichelewa kazini.