Subira ni mama akishika kitabu

Jumanne jioni nimeenda kumchukua Kibibi madrasa, mvua ilikuwa imenyesha kidogo, ile ya kuchafua viatu tu, nikasimama pale mlangoni karibu na lile benchi la mguu mbovu nikisubiri wamalize dua. Ustadhi akatoka na fimbo yake kwapani (hachapi mtu, ni ya kuonyeshea ubaoni) akaniona.

"Mama Kibibi, hebu njoo kwanza."

Jamani, mwalimu akikwambia "njoo kwanza" unapitia dhambi zote za mwanao kwa sekunde mbili.

"Assalaam aleykum ustadhi. Kuna nini tena?"

"Waaleykum salaam. Leo huyu wako katuvunja mbavu. Nimewauliza subira ni nini, mmoja kasema kufunga Ramadhani, mwingine kasema kukaa foleni ya maji, yeye kanyoosha mkono mpaka kainuka kwenye mkeka, akasema, 'Subira ni mama akishika kitabu.'"

Akacheka. Na mie nikacheka. Nikasema mashaallah, nikarekebisha mtandio ambao haukuwa na tatizo lolote, nikamshika mtoto mkono. Tushageuka ndo akaongeza, "Kumbe unasoma sana mama Kibibi." Hiyo "sana" aliivuta. Au hakuivuta, sijui, nimeirudia kichwani mara nyingi mpaka sasa siwezi kusema aliivuta yeye au naivuta mimi.

Leo Alhamisi usiku na bado niko pale mlangoni. Wiki hii mdogo wangu wa Muheza kajifungua mapacha, wazima wote alhamdulillahi, baba Kibibi kaitwa kazini Mtwara miezi sita kaondoka na begi moja, na pale dukani kwenye dawa tumeambiwa kuanzia mwezi ujao kati yetu wanne watabaki wawili, sawa, yote hayo yamepita, mimi nahangaika na maneno matano ya mtoto wa miaka minane.

Siku ya kwanza niliyachukua kama sifa. Mama akishika kitabu anatulia, hagombezi, sauti inashuka, mtoto kaona utulivu akauita subira. Nikampigia mama mkwe kumhadithia, najisifu kidogo, si unajua. Akasema, "Mh." Mnaijua "mh" yake. Nikakata simu nikaenda kuosha vyombo na pale kwenye sufuria ya uji iliyogandia ndo ikaniingia. Neno ninalolisema kuliko yote ndani ya nyumba hii ni lipi? Siyo bismillahi. Ni "subiri". Subiri nimalize hapa. Subiri ukurasa huu tu. Kibibi subiri basi mwanangu, sikimbii. Kwa hiyo mtoto alipoulizwa subira ni nini alijibu kitu anachokifanya yeye, kila siku, baada ya Isha, amesimama kwenye mlango wa chumba changu na daftari mkononi. Na ustadhi akacheka. Na madrasa nzima ikacheka. Na mie nikasema mashaallah.

Sasa niliyosoma wiki hii, maana ni Alhamisi na nilishawazoesha. Nilipanga nikiandike kila kitabu vizuri na sehemu yake lakini vyote vimelowa maji haya haya.

Nilianza na utendi wa Mwana Kupona, nausoma kila mwaka na kila mwaka nagombana nao mahali tofauti. Mama wa Pate huyu, kile kisiwa cha huko Lamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mwaka 1858 anamuusia binti yake Mwana Hashima, msichana wa miaka kama 17 hivi. Wengi tunaukumbuka kwa yale ya mume, kwamba kiumbe ni radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume "mno imekaririwa", na kwamba akilala usimwamshe, umpapase, na upepo asikose mtu wa kumpepea. Mie nikifika hapo huwa nauliza, na mpepeaji nani anampepea? Baba Kibibi hujibu luku ikiwepo feni litatupepea wote. Basi tunacheka tunaendelea.

Safari hii sikufika huko. Nimekwama mwanzo kabisa. "Maradhi yamenishika, hata yametimu mwaka, sikupata kutamka neno lema kukwambia." Mwaka mzima! Nimepita kwenye ubeti huo sijui mara ngapi nikimuonea huruma mama mgonjwa, mwenye maneno kifuani na hawezi kuyatoa. Jumatano usiku nikajiuliza kitu sijawahi kujiuliza, mwaka wote huo Mwana Hashima alikuwa wapi? Anapita mlangoni, anachungulia, anaangalia kama leo mama ana nafuu ya kusema naye, hana, anaondoka na miguu ya kunyata. Halafu siku moja anaitwa, njoo ukae, lete wino na karatasi. Hakuna ubeti unaosimulia kunyata kwake kwa sababu utendi ni wa mama. Ila ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu anasubiri.

Nikishaona kitu kimoja basi nakiona kila mahali, ndo ugonjwa wangu. Bi Hajar, mama yake Nabii Ismail. Tangu chuoni tunafundishwa subira ya Bi Hajar, kaachwa bondeni na kiriba cha maji na mfuko wa tende, maji yakaisha, maziwa yakakauka, akakimbia kati ya vilima vya Swafa na Marwa pale Makka mara saba. Ni kama mita 450 kwa upande mmoja, piga mara saba unapata kilomita 3 na ushee, kwenye jua lile, na mahujaji mpaka leo wanazirudia hatua zake. Ila kwenye hadithi kuna kipande ambacho nilikuwa nakiruka, kwamba mtoto alikuwa anagaagaa kwa kiu na yeye akaondoka kwa sababu hakuweza kuvumilia kumtazama. Hakuweza kumtazama. Yaani mwanzo wa safari ile ni mama ambaye macho yamemshinda. Ismail ndo alibaki chini. Ismail ndo alikuwa anasubiri, hajui hata kwamba anasubiri, anajua tu mama hayupo hapa. Na maji yalipotoka hayakutoka Swafa, hayakutoka Marwa, yalitoka pale pale alipolazwa mtoto. Mimi si mwanachuoni, msininukuu kwa masheikh, nasema tu nilivyoona nikiwa na sabuni mikononi.

Suratu Maryam nilisoma Jumatano alfajiri, huwa naisoma nikiwa na jambo. Uchungu unampeleka Bi Maryam kwenye shina la mtende, anatamani angekuwa keshakufa kabla ya haya awe kitu kilichosahaulika, anaambiwa atikise shina zimdondokee tende mbivu, ale, anywe, na akimuona mtu aseme ameweka nadhiri, leo haongei na binadamu. Anarudi kwa watu wake na mtoto mikononi, wanamshambulia kwa maneno, na yeye anafanya kitu kimoja, anamuashiria mtoto. Kichanga kikasema. Mama kanyamaza, mtoto ndo akasema! Nilifunga msahafu nikacheka mwenyewe gizani, maana na wangu pia kasema mbele za watu, tofauti ni kwamba Bi Maryam mwanawe alimtakasa, wangu mimi mpaka sasa sijajua kanitakasa au kanishtaki.

Nyingine nilisoma nusunusu. Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ nimeirudia kwa mara ya tatu, Ramatoulaye yuko ndani ya eda pale Dakar anamwandikia shoga yake Aissatou, watoto 12, mume aliongeza mke rika la binti yake mwenyewe, mambo mazito, na mie safari hii nimekaa zaidi pale anapoingia chumbani ghafla akakuta mabinti zake wanavuta sigara. Anashtuka, anajiuliza ni lini wamefika huku na yeye yumo humohumo ndani. Niliifunga nikaenda kunusa chumba cha watoto. Kilinuka kikojozi cha mdogo wake Kibibi, hakuna sigara. Utenzi wa Hati wa Shaaban Robert nilitaka niumalize, huyu ni mtu wetu, kazaliwa hapo Vibambani karibu na Machui, na ni baba anamuusia binti kama Mwana Kupona alivyomuusia wake, ila nilisoma beti kumi usingizi ukanichukua na simu usoni. Wiki ijayo inshallah.

Umeme umekatika na chaji iko asilimia 9, naishia hapa.

—

Ijumaa usiku. Nilitaka kufuta ya jana yote, nimeacha.

Leo baada ya Magharibi nimemsuka Kibibi. Amekaa kwenye kile kigoda chini, mimi juu ya kitanda, kichwa chake katikati ya magoti yangu, mafuta ya nazi kwenye kifuniko cha chupa, chanuo limepotea kama kawaida nikatumia la baba yake. Nywele zake za nyuma ni ngumu, ukigawa mstari lazima ulowanishe kwanza. Nikaona hapa hana pa kukimbilia.

"Ustadhi kaniambia ulichosema kuhusu subira."

Kichwa kikaganda. Nilikisikia kwenye magoti.

"Umekasirika?"

"Sijakasirika. Nataka kujua tu. Subira ya nani, yangu au yako?"

"Mama unanivuta."

Kweli nilikuwa namvuta. Nikalegeza. Akakaa kimya mpaka nikamaliza mstari mmoja wote hadi kisogoni.

"Yangu," akasema. "Ila si mbaya. Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Kurasa. Ukifunua moja nikikuita unakasirika. Ukifunua mbili unaniangalia ila hunisikii. Ukifunua tatu unasema naam mwanangu."

Nikaacha kusuka. Nikamuuliza nani kakufundisha, akasema, nimeona mwenyewe tu. Nikamuuliza na mdogo wako je? "Yeye hajui kuhesabu, ndo maana anagombezwa."

Nilicheka mpaka yule mdogo akaja mbio kutoka sebuleni kuona kuna nini, nilicheka mpaka chozi likatoka, na lilipotoka sikuwa na hakika tena ni la kicheko, basi nikajifuta na kiganja chenye mafuta ya nazi yakaniingia jichoni ikawa balaa jingine. Siku tatu najitesa nimeshtakiwa au nimesifiwa, kumbe mtoto wala hakuwa upande wowote, yeye alikuwa anatoa taarifa tu, kama mtu anayejua ratiba ya basi. Tatu. Kaniona kwa makini kiasi hicho na mimi nilikuwa nadhani amesimama tu pale mlangoni.

Nikanyoosha mkono nikachukua simu, nikamwambia leo tusome wote, nikaanza, "Negema wangu binti..."

"Negema ndo nini?"

"Sogea karibu."

"Nisogee wapi tena na umenibana na magoti?"

Nikamsomea beti za mwanzo, ile lugha ya Lamu inamchekesha, kila neno anataka kulirudia. Tulipofika kwenye maradhi akauliza yule mama anaumwa muda gani, nikasema mwaka mzima. Halafu akapona? Nikakaa kidogo. Ukweli ni kwamba alifariki miaka michache tu baada ya kuuandika. Sikujibu haraka na yeye hakunisubiri.

"Si anaitwa Kupona? Basi alipona."

Nikamwambia geuza kichwa nimalize upande wa pili.

Sasa hivi wamelala wote wawili. Kesho mama mkwe anakuja na mashangazi wawili kuangalia picha za mapacha (picha zenyewe ziko kwenye simu, angeweza kutumiwa, ila haya) na nilishaahidi pilau. Nimeenda kuweka maji ya chai moto ukatoka wa njano, ule wa kulegea. Nimeutikisa mtungi wa gesi, hausemi kitu. Mkaa upo uani lakini umelowa na ile mvua ya Jumanne, na yule kijana wa gesi nimempigia mara mbili hapokei.