Siku moja ya mwalimu wa ushauri nasaha: ugomvi kando, uonevu kando

Saa 1:00 asubuhi. Nasimama langoni kabla wanafunzi hawajamiminika. Naangalia anayezunguka njia ndefu kukwepa kundi fulani, na aliyeanza ghafla kuchelewa. Anayeonewa mara nyingi hasemi, ila mwenendo wake husema.

Saa 2:30. Napanga zamu za walimu za ulinzi kwa ramani ya shule. Kila muhula wanafunzi hupewa nakala yake, wakatia rangi nyekundu mahali wanapoogopa bila kuandika majina. Nyekundu hujaa vyooni, kwenye korido, vyumba vya kubadilishia nguo na foleni ya chakula, huko ambako mtu mzima haonekani.

Saa 4:00, mapumziko. Zamu huharibika walimu wawili wanaposimama pamoja wakizungumza. Kila mmoja awe na eneo lake, afike kabla ya kengele, na asirudie mzunguko uleule. Muonevu huikariri ratiba ya walimu upesi sana.

Saa 4:30. Kesi imeletwa. Kabla ya lolote najiuliza: huu ni ugomvi au uonevu? Mwanasaikolojia Dan Olweus, ambaye mpango wake wa kuzuia uonevu ulianza kutumika katika shule za Norwei mwaka 1983, alitumia vigezo vitatu: nia ya kudhuru, kurudiwa kwa kitendo, na nguvu zisizolingana. Wanafunzi wenye ubavu sawa waliogombania kiti nawaweka meza moja, wasikilizane na kupatana. Penye uonevu sithubutu. Aliyeumizwa hawezi kujadiliana na anayemwogopa. Atakubali chochote ili atoke chumbani. Ile kauli ya “peaneni mikono, yaishe” imewanyamazisha watoto wengi mno.

Basi naanza na aliyeonewa, peke yake, chumba ambacho wenzake hawamwoni akiingia. Nauliza “ilikuwaje, halafu?” wala siulizi “kwa nini”, maana humfanya ajione mkosaji. Siahidi siri kamili; namweleza mapema nani lazima ajue. Wanafuata mashuhuda. Mwisho watuhumiwa, mmoja baada ya mwingine, mfululizo, wasipate nafasi ya kupanga maneno. Simlazimishi mtu akiri wala simtaji aliyesema. Namweleza kinachojulikana, kisha namtaka aseme atafanya nini kuanzia leo. Jibu la “nitakuwa mzuri” silipokei. “Sitamzuia mlangoni, na nitarudisha daftari lake leo” hilo naliandika, kwa sababu linapimika.

KiVa, mpango wa kuzuia uonevu shuleni uliobuniwa Chuo Kikuu cha Turku, Ufini, huongeza hatua ninayoithamini kuliko zote: wanafunzi wawili hadi wanne wanaoheshimika darasani huombwa wamuunge mkono aliyeonewa. Kukaa naye tu wakati wa chakula humpunguzia muonevu watazamaji.

Saa 7:00 mchana. Kipindi darasani, juu ya watazamaji haohao. Utafiti wa viwanja vya shule nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba wanafunzi walipoingilia kati, zaidi ya nusu ya matukio yalikoma ndani ya sekunde 10. Tatizo ni kwamba waliingilia mara chache. Kwa hiyo tunafanya mazoezi kwa sauti: kumwita anayeonewa aondoke (“njoo, unahitajika huku”), kutocheka, kumwita mtu mzima. Mazoezi ni muhimu. Hofu ikishapanda, mtoto hakumbuki bango la ukutani.

Saa 9:00. Wazazi, kila upande kwa wakati wake. Natumia maneno ya tukio, “alimsukuma mara tatu wiki hii”. Nikisema “mwanao ni muonevu”, mazungumzo yamekwisha.

Saa 10:00 jioni. Daftari: tarehe, saa, mahali, waliokuwepo, maneno kama yalivyotamkwa. Naandika na siku za kufuatilia: baada ya siku mbili, wiki, mwezi. Namfuata aliyeonewa kwanza, kwa faragha, kwa sababu baada ya onyo ngumi hugeuka kutengwa, au ujumbe wa simu usiku. Kesi ambayo haijapita ukaguzi wa mwezi inabaki wazi, hata kama hakuna aliyelalamika tena.