Sifuri ya Kijivu

Leo alasiri bosi ameirudisha ile fomu. Ina safu tatu: jina la mfanyakazi, idadi ya michango yake kwenye wiki ya ofisi, na zawadi anayostahili. Anaitaka kesho kabla ya saa nne. Nimevuka nayo Feri ikiwa mkobani, na tangu tumalize kula iko mbele yangu, sijaandika kitu.

Sisi ni mawakala wa forodha, ofisi ndogo ya watu tisa, kazi yetu kuwatolea watu mizigo bandarini Kilindini, Mombasa. Kazi hii yote ni kujua. Kontena likipitisha siku zake za bure bandarini huanza kulipiwa kila siku inayoongezeka, na mara nyingi kinacholikwamisha si pesa. Ni kijambo kimoja ambacho mtu mmoja ofisini anakijua, na siku hiyo kaenda mazikoni Kilifi. Ndiyo maana mwanzoni mwa 2023 tulianzisha wiki, mahali pamoja pa kuandika tunayoyajua, kila mtu na ruhusa yake ya kuongeza na kusahihisha.

Jina lenyewe lilitupotezea siku mbili. Watu walipoambiwa "andikeni kwenye wiki", nusu yao walileta ripoti za Jumatatu hadi Ijumaa. Nikawaeleza kwamba neno hili ni la Hawaii, maana yake haraka, na kwamba Mmarekani Ward Cunningham alilichukua mwaka 1995 kutoka kwa jina la basi la uwanja wa ndege wa Honolulu, Wiki Wiki, yaani haraka haraka. Ami akatikisa kichwa. "Haraka haraka," akasema, "halafu mnataka na baraka?"

Ami ndiye mzee wetu wa ofisi. Nitamrudia.

Julai mwaka huo bosi aliona watu wanaandika kwa kusuasua, akatangaza kwamba atakayeongoza kwa michango kila mwezi atapata vocha ya dukani ya shilingi 3,000. Chanda chema huvikwa pete, alisema, nami nilikubaliana naye kwa moyo wote. Kazi ya kuhesabu nikapewa mimi. Programu yetu ni ile ile inayoendesha Wikipedia, kwa hivyo mtu akihifadhi alichoandika inabaki kumbukumbu: nani, saa ngapi, na ukurasa umeongezeka au umepungua baiti ngapi, yaani karibu sawa na herufi ngapi. Kuongezeka ni kijani, kupungua ni nyekundu. Nikatengeneza jedwali nikalibandika ukutani.

Mwanzoni lilionekana jambo jema. Kisha nikakaa nikasoma kilichokuwa kinaandikwa. Kijana mmoja alikuwa anahifadhi kila sentensi peke yake. Ukurasa wa nusu karatasi ukampa michango kumi na saba. Mwingine alinakili kurasa nzima za kitabu cha ushuru cha Afrika Mashariki, kitabu ambacho kila mmoja wetu anacho mezani. Na kurasa zilizopitwa na wakati zikabaki pale pale zikipotosha watu, kwa kuwa anayefuta huandikiwa nyekundu, na hakuna aliyetaka nyekundu mbele ya jina lake. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kufuta maelezo ya utaratibu uliokwisha kufa ni kumwondolea mwenzako shimo njiani, na jedwali langu lilikuwa likimwadhibu anayelifukia.

Mwanauchumi Mwingereza Charles Goodhart alilieleza jambo la namna hii mwaka 1975 akizungumzia sera ya fedha: kipimo kikishageuzwa kuwa chombo cha kuwasukuma watu, hakipimi tena. Sisi tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu utotoni na bado nikalibandika jedwali.

Mwisho wa Agosti dada wa dawati la ushuru alitoka na michango minne, wa mwisho kabisa. Alilitazama jedwali akiwa ameshika kikombe chake cha chai, akanigeukia, akaniuliza taratibu, "Kwa hivyo mimi mwezi huu sikufanya kazi?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kufungua kumbukumbu ya michango yake, mmoja mmoja. Wa tatu ulikuwa kwenye ukurasa wa kukokotoa ada za uagizaji. Mbele yake si kijani wala nyekundu, ilikuwa sifuri ya kijivu. Nikafungua nilinganishe, matini ya zamani kushoto na mpya kulia, na kilichokolezwa rangi kilikuwa tarakimu moja. Kushoto IDF, ada ya tamko la uagizaji, asilimia 3.5. Kulia IDF asilimia 2.5. Alitoa 3 akaweka 2, na kwa kuwa tarakimu moja imetoka na moja imeingia, ukurasa haukuongezeka hata baiti moja.

Waliofanya kazi hii mwaka huo wanakumbuka Julai ilivyokuwa. Sheria ya Fedha ya 2023 ilishusha ada ile, Mahakama Kuu ikaisimamisha sheria tarehe 30 Juni, Mahakama ya Rufaa ikaondoa zuio tarehe 28 Julai, na katikati hapo wateja walikuwa wanapiga simu kutwa kuuliza walipe ngapi. Yule dada hakuandika kwa kusikia redioni. Alikwenda mwenyewe, akauliza, akasubiri, akahakikisha, ndipo akagusa ukurasa. Mzigo wenye thamani ya forodha ya shilingi 4,000,000 ulikuwa unatoka kwenye ada ya 140,000 kwenda 100,000. Kila makadirio tuliyompa mteja baada ya hapo yalisimama juu ya tarakimu yake ile moja. Mimi nilimhesabia sifuri, na kijana wa sentensi kumi na saba nikampa vocha.

Na Ami je? Ami hakuwa hata kwenye jedwali. Hana akaunti, macho yake hayavumilii kioo cha kompyuta. Lakini asubuhi moja muuza kahawa alipopita na dele lake, Ami alikaa kwenye ngazi na yule kijana wetu wa vocha, kashata mkononi, akamfundisha kusoma karatasi za usajili za magari ya Japani. Kuna zinazoandika mwaka kwa enzi za wafalme wao. Ukiona Heisei, Ami alisema, ongeza 1988. Ukiona Reiwa, ongeza 2018. Heisei 28 ni 2016. Kwa sheria yetu ya Kenya, inayokataza kuingiza gari lililozidi miaka minane, mwaka ule wa 2023 gari la Heisei 28 linaingia na la Heisei 27 halikanyagi. Kijana aliandika ukurasa mzuri sana, bado tunautumia, ukaja na kijani yake nono na jina lake. La Ami halimo popote.

Simlaumu kijana, aliandika na akaandika vizuri. Lakini mjuzi ni nani hapo?

Septemba nililibandua jedwali, na bosi hakupinga. Pesa za vocha tukazifanyia pilau ya watu wote. Kila Alhamisi jioni tukawa tunaulizana swali moja: juma hili ukurasa gani umekuokoa? Mtu anautaja, tunatafuta aliyeuandika na aliyeusimulia, wote wawili wanaandikwa. Tuliazima kidogo kwa watu wa Wikipedia, ambao tangu 2003 wana desturi ya mhariri kumtunuku mwenzake nyota, mtu kwa mtu. Alhamisi ya kwanza kabisa kurasa mbili zilitajwa na watu watano: ule wa ada, na ule wa Heisei.

Jambo moja sikulitarajia. Kijana wetu, ambaye kabla ya vocha alikuwa anaandika kwa kupenda, vocha ilipoondoka hakugusa wiki miezi miwili. Baadaye nikasoma kuhusu jaribio la Lepper, Greene na Nisbett la mwaka 1973. Watoto waliopenda kuchora waliahidiwa cheti wakichora, na siku za baadaye, cheti kisipokuwepo, wakachora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti bila kutarajia hawakupoteza hamu. Nilijisikia vibaya kwa ajili ya yule kijana. Kuna kitu alikuwa nacho bure na sisi tukakitilia bei.

Bosi naye ana hoja, na leo kanieleza kwa uzito. Bonasi ya mwisho wa mwaka lazima igawanywe, na asipokuwa na namba atasemwa kwamba anawapa anaowapenda. Ni kweli. Namba humlinda mtu mkimya dhidi ya upendeleo, nami nimeona ofisi ambako mpole hapati kitu kwa sababu hajui kujisogeza. Kwa hivyo siwezi kuirudisha fomu tupu.

Saa tano na nusu sasa, nimeanza kuijaza. Kwa dada wa ushuru nimeweka idadi yake kamili ya tangu tuanze, bila kuongeza, na nyuma ya fomu nimebandika ukurasa uliochapishwa wa ulinganisho ule wa Agosti 2023, kushoto 3, kulia 2. Ile sifuri nimeizungushia kalamu nyekundu.

Mstari wa Ami haukuwepo kwenye fomu. Nimepiga rula chini ya jina la mwisho, nimeuchora.